UZI: Treni ya kwanza ya umeme ya chini ya ardhi ilichorwa ili ivutwe kwa kamba

#1 Reli Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kule kwenye uzi wa mchongoko (ile treni ya umeme ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania) mada ilihama, tukaishia kubishana nani alianza kuendesha treni za umeme chini ya ardhi. Naona heri suala hili lipate uzi wake. Msimamo wangu nauweka mwanzoni ili wa kubisha ajue anabisha nini: umeme haukutosha. Treni ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa kituko, na ilipita miaka kumi na kitu mpaka wahandisi walipokubali kwamba shida yao ni kile kichwa kilichokaa mbele kuvuta mabehewa. Kichwa kilipoondolewa ndipo mambo yakakaa sawa.

Twende taratibu.

London ilikuwa na treni ya chini ya ardhi tangu tarehe 10 Januari 1863, ile ya Metropolitan, Paddington hadi Farringdon. Ya mvuke! Walichimba mtaro barabarani, wakajenga kuta, wakafunika juu na kuacha matundu ya moshi hapa na pale. Kuanzia 1864 injini zake zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, zikiwa na mabomba ya kurudisha mvuke kwenye tangi la maji ili usijae handakini. Mvuke ulipungua, moshi ukabaki palepale. Kabla ya hapo, 1861, mhandisi John Fowler alikuwa amejaribu injini ya kutembea bila moto: ndani yake kulikuwa na matofali yaliyopashwa mpaka yakaiva, yaendelee kuchemsha maji njiani. Haikufika mbali. Watu wakaibandika jina la mzimu wa Fowler.

Sasa, mtaro wa kufunika unavuruga mji. Ukitaka kupita chini ya mto Thames na chini ya majumba ya City (kitovu cha biashara cha London) bila kubomoa nyumba ya mtu, lazima uzame kwenye udongo wa mfinyanzi ulioko chini kabisa. Kuchimba huko waliweza. Lakini huko hakuna pa kutolea moshi, kwa hiyo handaki la kina lilipatikana kabla ya treni ya kupita ndani yake.

Mtu wa handaki ni James Henry Greathead, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini. Mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka 25, alichimba njia ya Tower Subway chini ya Thames akiwa na mhandisi Peter Barlow. Mwaka 1884 Bunge likapitisha sheria ya kampuni iliyoitwa City of London and Southwark Subway (baadaye ikawa City and South London Railway), na Greathead akapewa kazi. Walianza 1886 kutoka kwenye shimo lililozamishwa ndani ya mto wenyewe, karibu na gati la Old Swan, na udongo ukabebwa na majahazi. Kifaa chake kikubwa ni ngao: silinda ya chuma inayosukumwa mbele kwa jeki za maji, wachimbaji wakiwa ndani. Nyuma yao vipande vya chuma cha kusubu vinafungwa kwa bolti kuwa pete, pete baada ya pete, na uwazi unaobaki kati ya pete na udongo unajazwa uji wa chokaa kwa presha ya upepo.

Mahandaki mawili, kila moja njia yake. Kipenyo mita 3.1 kutoka City hadi Elephant & Castle, mita 3.2 kuendelea hadi Stockwell. Ni kadogo hako! Mtu anauliza: kwa nini wabane hivyo?

Kwa sababu mpango haukuwa umeme. Mpango ulikuwa kamba ya chuma inayozunguka muda wote, ikivutwa na injini ya mvuke iliyokaa juu ya ardhi. Treni inaibana kamba ili iende, inaiachia ili isimame, kama tramu za San Francisco. Kamba haihitaji kichwa kirefu wala kipana. Mwendo wake ni wa pole, kona kali haziisumbui, mwinuko hauisumbui. Greathead akachora handaki la kamba.

Kampuni ya kuleta kamba ikafilisika 1888. Kazi ya kuchimba imeshakwenda mbali. Mwanzoni mwa 1889 wakaamua: tutumie umeme.

Narudi, ngoja ninywe chai.

#2 Mkazi wa Kiwalani

Nimeweka kigoda. Ila mkuu usije ukatuacha njiani kama ule uzi wa meli, mpaka leo tunasubiri ifike bandarini.

#3 Fundi Kusuka

Mimi kazi yangu kusuka mota, kwa hiyo nivumilieni na maswali. Voti ngapi? DC (umeme wa upande mmoja) au AC (wa kwenda na kurudi)? Mota iliunganishwaje na tairi? Na nani aliyethubutu kuchukua tenda hiyo 1889, wakati taa ya umeme yenyewe ilikuwa anasa ya matajiri?

#4 Reli Mbili

Fundi karibu, ulikuwa unasubiriwa.

Tenda waliichukua Mather & Platt wa Manchester, na mchoraji mkuu alikuwa Edward Hopkinson. Hakuanzia gizani. Werner von Siemens alishaendesha kitreni cha umeme kwenye maonyesho ya Berlin 1879, abiria wamekaa mgongo kwa mgongo kwenye vibenchi, na 1881 akafungua tramu ya umeme Lichterfelde. Brighton kulikuwa na reli ndogo ya Magnus Volk tangu 1883. Hopkinson mwenyewe alishashughulikia umeme wa tramu ya Bessbrook na Newry, Ireland, 1885. Lakini treni ya kubeba watu wa mji mkubwa, chini ya mto, mchana kutwa? Hiyo ilikuwa haijafanywa na yeyote.

Umeme ni DC, voti 500. Reli ya tatu ililazwa kati ya zile mbili, pembeni kidogo, juu ya vikombe vya kioo. Waliiweka chini kidogo kuliko reli za tairi, kwa hiyo kila penye makutano ya njia kulikuwa na vibao vya mbao vya kunyanyua viatu vya kuchota umeme ili vivuke reli bila kuigusa. Umeme ulirudi kwa kupitia reli za kawaida.

Vichwa vya mwanzo vilikuwa 14. Kila kimoja tairi nne, urefu kama mita 4.3, uzito tani 10 na ushee, mota mbili za nguvu za farasi (hp) 50 kila moja. Hapa utafurahi: hakuna gia. Rota (sehemu ya mota inayozunguka) imejengwa juu ya ekseli yenyewe, ekseli ndiyo shafti ya mota. Gia za zama zile zilikuwa na kelele na zilichakaa upesi, yeye akaziruka kabisa. Kwa tairi ya kipenyo cha sentimita 68 na mwendo wa km 40 kwa saa, ekseli inazunguka kama mara 310 tu kwa dakika. Mota inayozunguka pole hivyo lazima iwe kubwa na nzito ndipo itoe nguvu. Shikeni hilo, litakuja kuwaumiza watu huko mbele.

Mwendo dereva aliongeza kwa mkono wa rizista, hatua kwa hatua. Breki zilikuwa za upepo, lakini kichwa hakikuwa na mashine ya kusukuma upepo: tangi lilijazwa Stockwell, likikaribia kuisha unarudi kujaza Stockwell.

Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward VII, alizindua tarehe 4 Novemba 1890. Abiria wa kawaida wakaanza 18 Desemba. Vituo sita, km 5.1: Stockwell, Oval, Kennington, Elephant & Castle, Borough, King William Street. Nauli ni peni 2 popote uendapo, unalipa kwenye geti la kuzunguka, hupewi tiketi. Na daraja ni moja tu, kitu ambacho kwa reli za Uingereza ya wakati ule kilikuwa kigeni.

#5 Fundi Kusuka

hp 100 ni kama kW 75. Kwa voti 500 hiyo ni ampea 150 kichwa kimoja kikikamuliwa, na bado sijahesabu upotevu. Dainamo zilikuwa ngapi na ziko wapi?

#6 Reli Mbili

Mwanzoni tatu, baadaye wakaongeza ya nne. Zote Stockwell. Kila moja ampea 450, zikizungushwa kwa mikanda kutoka kwenye injini za mvuke za Fowler wa Leeds (siyo yule Fowler wa matofali).

#7 Fundi Kusuka

Basi dainamo moja inabeba vichwa vitatu tu vikivuta kwa nguvu zote pamoja. Na Stockwell ni mwisho mmoja wa njia. Mwinuko mkali uko wapi?

#8 Reli Mbili

Mwisho wa pili, King William Street. 1 kwa 40 (unapanda mita moja kwa kila mita 40), ukitoka chini ya mto, na kona kali juu yake. Ulichorwa kwa ajili ya kamba.

#9 Fundi Kusuka

Aisee. Basi nimeshaielewa treni nzima bila kuiona. Pale umeme umefika umechoka ndipo pale treni inapouhitaji kuliko mahali pengine popote. Ni ile nyumba ya mwisho kwenye laini ya mtaa, jirani akiwasha pasi taa yako inageuka nyekundu. Ukivuta ampea mia kadhaa kwenye kilomita 5 za chuma kwa voti 500, sehemu nzuri ya hizo voti inageuka joto njiani. Na mota ikikosa voti haina mwendo. Natabiri treni zilikuwa zinakwama pale.

#10 Reli Mbili

Hujakosea hata kidogo. Treni iliyojaa ikishindwa kufika juu, dereva aliiachia irudi nyuma mpaka kwenye tambarare, akachukua mbio upya na kujaribu tena. Na taa za mabehewa zilikuwa kwenye umeme uleule wa kuvuta, kwa hiyo upande wa City balbu zilififia zikabaki uzi mwekundu. Vituoni hawakutaka kubahatisha, waliwasha taa za gesi.

Kituo chenyewe cha King William Street kilikuwa na njia moja katikati na majukwaa pande mbili, tena mpangilio wa kamba. Kwa kamba unafika, unaibana ile ya kurudi, unaondoka. Kwa kichwa cha umeme, kichwa kilichokuleta kimebanwa ukutani na mabehewa yako, kwa hiyo lazima kingine kije kufungwa nyuma, kile cha kwanza kisubiri treni iondoke ndipo kitoke. Kila treni, siku nzima. Kituo kilitupwa 1900, miaka kumi tu tangu kizinduliwe. Njia ikageuzwa kupitia handaki jipya kwenda Bank na Moorgate.

#11 Binti Vikokotoni

Assalaam aleikum jamani. Mie naishi London na njia hiyo ndiyo nipandayo, sasa inaitwa Northern line. Mnazungumza vichwa tu, mabehewa mmeyasahau, na kituko chenyewe kiko humo.

Behewa moja la wakati huo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya usafiri ya Covent Garden. Mabenchi mawili marefu yanatazamana, watu 32, na mgongo wa benchi umepandishwa kwa mto wa sufi mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Dirisha? Ni kijipasuo cha kioo chini ya dari. Hoja ya waliochora ni kwamba handakini hakuna cha kutazama, madirisha ya nini. Watu wakayaita vyumba vya wendawazimu, vile vinavyopigwa magodoro ukutani mtu asijiumize.

Hakukuwa na milango ya ubavuni. Unaingilia ncha za behewa, kwenye kibaraza chenye geti la chuma la kukunja, na kati ya mabehewa husimama mtu wa geti. Huyo alikuwa na kazi ya kupaza sauti jina la kila kituo, maana ndani huoni kitu. Hebu pata picha: umekaa kwenye godoro, taa nyekundu, unasikiliza jina la mahali unapokwenda kwa sauti ya mtu mwingine.

Ukitaka kuona jengo la asili, nenda Kennington. Lile kuba la 1890 lipo bado. Ndani ya kuba waliweka mitambo ya lifti. Na lifti zilikuwa za maji ya presha, si za umeme. Reli ya umeme yenye lifti za maji na taa za gesi!

#12 Mzee wa Ligi

Hapa nakaa kimya muda mrefu lakini mnatupotosha. Treni ya kwanza ya umeme ya chini ya ardhi ya kweli ni ya Budapest. Hiyo ya London mmeshasema wenyewe ni treni ya kamba iliyofungwa mota. Budapest walichora kwa ajili ya umeme tangu siku ya kwanza. Siemens & Halske, wenye umeme wao.

#13 Reli Mbili

Mzee wa Ligi, tarehe zinakukataa: Budapest ilifunguliwa 2 Mei 1896, London 1890. Ila kwenye ubora wa mchoro nakuunga mkono kabisa, na hoja yako inanisaidia mimi.

Baraza la mji wa Budapest halikutaka tramu juu ya barabara ya Andrássy, ni barabara ya fahari. Siemens & Halske wakapita chini yake kwa mtaro wa kufunika, km 3.7, wakamaliza kwa miezi 20 ili wawahi sherehe za miaka 1,000 ya taifa la Hungaria. Mfalme Franz Joseph aliipanda Mei hiyohiyo. Mtaro ni mfupi kwenda juu, chini ya mita 3, kwa sababu ya mabomba ya maji taka na kutaka ngazi chache. Sasa tazama walichofanya: hawakuweka kichwa. Behewa moja, mota zake ziko chini yake, dereva ana kijumba kila ncha. Fremu ya behewa imeshushwa katikati ya magurudumu ili sakafu iwe chini na abiria asimame wima. Umeme unatoka juu, siyo reli ya tatu. Ukifika mwisho, dereva anatembea kwenda ncha ya pili, mnaondoka.

Waliona jambo ambalo London iliwachukua muda kuliona. Lakini ni behewa moja. Ukitaka mabehewa sita yenye mota kila moja, nani anaziendesha zote kwa wakati mmoja? Hilo Budapest hawakulijibu, hawakulihitaji.

Na kama kuna anayedhani kamba ilikuwa wazo la kijinga: Glasgow walifungua reli yao ya chini ya ardhi Desemba 1896, ya kamba, na ikaendelea kwa kamba mpaka 1935. Ilifanya kazi vizuri tu.

#14 Wa Makadara

Nimesoma hapo juu Beyer Peacock na nikaamka. Hao si ndio waliunda yale magari-moshi makubwa ya Garratt ya East African Railways, class 59? Iko moja hapa Railway Museum Nairobi, Mount Gelai, ukisimama kando yake magurudumu yanakufikia kifua.

#15 Reli Mbili

Ndio haohao, kiwanda cha Gorton, Manchester. Na ngoja nikuongezee: vile vichwa 14 vya umeme vya 1890, mota na umeme ni Mather & Platt, lakini bodi na fremu ni Beyer Peacock. Kiwanda kilekile kilichotengeneza injini za moshi za Metropolitan 1864 ndicho kilichoshiriki kwenye treni ya kwanza ya umeme huko chini, na miaka ya 1950 kikawatengenezea nyinyi Garratt ya kupanda kutoka Mombasa.

#16 Wa Makadara

Sawa sawa. Endelea bwana, ile ya mota nzito iliumiza nani?

#17 Reli Mbili

Iliumiza watu waliokuwa juu ya ardhi.

Mwaka 1900, tarehe 30 Julai, ikafunguliwa kwa umma Central London Railway, kutoka Shepherd's Bush hadi Bank. Greathead alikuwa mmoja wa wahandisi wake lakini alishafariki 1896. Hii ilijifunza mengi. Umeme ulizalishwa Shepherd's Bush kwa AC ya voti 5,000, ukasafirishwa kwa kebo hadi vituo vidogo njiani, huko ukageuzwa kuwa DC ya kuvutia. Fundi, tatizo lako la nyumba ya mwisho likaisha. Vituo vikawekwa juu ya vilima vya makusudi ndani ya handaki: treni inapanda 1 kwa 60 ikiingia, mwinuko unaisaidia breki, halafu inashuka 1 kwa 30 ikitoka, mteremko unaisaidia mota. Wazo zuri sana hilo, na halitumii hata waya.

Halafu wakaharibu kwa kichwa. Waliagiza vichwa 28 vya General Electric kutoka Marekani, tani 44 kila kimoja, bila gia, mota zimekaa juu ya ekseli. Kati ya hizo tani 44, tani 33 zilikuwa chini ya springi, yaani zinagonga reli moja kwa moja bila kitu cha kupunguza kishindo. Miezi michache malalamiko yakaanza. Nyumba zinatetemeka. Cheapside kuna watu wa ofisi za kuchora ramani, mistari yao inaenda kombo treni ikipita mita 20 na kitu chini yao. Serikali ikaunda kamati ya wanasayansi mwaka 1901, mwenyekiti Lord Rayleigh, mwanafizikia mwenyewe yule.

Kampuni ikajaribu njia mbili. Ya kwanza: vichwa kadhaa vikaundwa upya kwa mota zenye gia, uzito ukashuka hadi tani 31, mtetemo ukapungua. Ya pili: ondoa kichwa kabisa, weka mota chini ya mabehewa ya abiria. Mtetemo ukapungua zaidi, karibu kutosikika. Kufikia 1903 vichwa vyote vilikuwa vimestaafishwa. Miaka mitatu! Kitu kipya, ghali, kimeagizwa kwa meli, kikaenda chuma chakavu.

#18 Mkazi wa Kiwalani

Sasa hapo ndo mimi sielewi. Kama mota ziko kwenye mabehewa manne, madereva wanne? Wanapigiana filimbi?

#19 Fundi Kusuka

Hili nijibu mimi, ni eneo langu.

Njia ya kijinga ni kupitisha umeme wote wa kuvuta kwenye swichi ya dereva halafu uusambaze kwa kebo nene mpaka mota za nyuma. Kebo yenye voti 500 na mamia ya ampea inapita juu ya vichwa vya abiria, kwenye mabehewa ya mbao. Ikichubuka, Mungu saidia.

Njia ya akili: kila behewa lenye mota lina swichi zake kubwa chini ya sakafu, na linachota umeme wake lenyewe kwenye reli ya tatu. Dereva ana kishikio kidogo kinachopeleka umeme kidogo kwenye nyaya nyembamba zinazopita treni nzima. Nyaya hizo hazivuti treni, kazi yake ni kuamrisha: swichi zote za mabehewa yote zijifunge kwa pamoja, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ongeza mabehewa, umeongeza mota. Punguza, umepunguza. Treni ya mabehewa mawili na ya manane zinaondoka kwa kasi ileile. Na unaweza kuendeshea ncha yoyote. Swichi za namna hiyo tunazifunga mpaka leo kwenye mashine za kusaga na pampu.

#20 Reli Mbili

Fundi kamaliza. Mimi niongeze jina: Frank Sprague, Mmarekani, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini. 1888 aliifanya tramu ya umeme ya Richmond, Virginia, ikafanya kazi kweli. Kisha akaingia biashara ya lifti za umeme, na humo ndimo alimopata wazo: lifti nyingi, swichi zake ziko mbali, mtu mmoja anaziamrisha. Akauliza kwa nini behewa lisiwe hivyo. Mwaka 1897 alionyesha treni ya mabehewa sita huko Schenectady na akamkabidhi kishikio mtoto wake wa miaka 10 aiendeshe, ili wenye shaka waone. Mwaka uliofuata mfumo ukaanza kazi kwenye reli ya juu ya South Side, Chicago. Central London wakauchukua.

Ile njia ya kijinga nayo haikuwa ya kufikirika. Waterloo & City ya London, iliyofunguliwa Agosti 1898, ilikuwa na behewa la mota kila ncha na kebo za umeme mzima zikipita juu ya paa la treni. Na Paris ilikuwa hivyohivyo, kebo nene kutoka mota moja hadi nyingine. Metro ya Paris ilianza 19 Julai 1900.

Tarehe 10 Agosti 1903 jioni, treni moja ya Paris ilianza kutoa moshi kwenye mota. Wakashusha abiria, wakaiacha tupu, treni iliyofuata (nayo ikashusha watu wake) ikaisukuma kuipeleka mbele. Ikalipuka moto Ménilmontant. Nyuma, kituo cha Couronnes, ikafika treni ya tatu imebeba watu wake pamoja na walioshushwa. Wafanyakazi wakawaambia tokeni nje. Baadhi wakagoma kutoka mpaka warudishiwe nauli. Moshi ukafika ukiwa mzito, na taa zikazimika kwa sababu zilikuwa kwenye laini ileile ya kuvutia treni. Gizani wengi wakakimbilia upande wa jukwaa usio na mlango. Watu 84 walikufa.

Baada ya hapo Paris walitenga umeme wa taa na umeme wa treni, wakaweka alama za kutokea zenye mwanga, wakaanza kuacha mabehewa ya mbao, na 1908 wakaleta treni za Sprague-Thomson, za chuma, za nyaya nyembamba. Hizo zilihudumu mpaka 1983. New York nao walipofungua yao Oktoba 1904, George Gibbs alishawatengenezea mabehewa ya chuma tupu yenye mfumo wa Sprague.

#21 Binti Vikokotoni

Innalillahi. Nauli ya njiani ikagharimu roho za watu.

#22 Mzee wa Ligi

Nimekubali kuhusu kichwa. Basi mchongoko ni mjukuu wa Sprague?

#23 Reli Mbili

Moja kwa moja. Mchongoko hauna kichwa cha kuvuta, mota zimegawanywa chini ya mabehewa na dereva yuko ncha yoyote. Zile treni nyingine za SGR zinazovutwa na kichwa cha umeme ndizo za ukoo wa Hopkinson, ingawa kichwa cha leo kimekaa vizuri juu ya springi, na mota zina gia.

#24 Mkazi wa Kiwalani

La mwisho, naomba msinicheke. SGR umeme uko juu kwenye nyaya, London uko chini kwenye reli. Nani kakosea? Na picha nilizoona za London zina reli NNE. Ya nne ya nini?

#25 Fundi Kusuka

Hakuna aliyekosea. SGR ni AC ya voti 25,000. Ukipandisha voti hivyo, ampea zinashuka, upotevu unashuka, unaweza kwenda mamia ya kilomita na vituo vichache vya kulisha. Lakini voti 25,000 zinataka nafasi kubwa ya hewa kati ya waya na chuma chochote. Kwenye bomba la chuma la mita 3 na nusu nafasi hiyo utaitoa wapi? Huko unabaki na DC ya voti mia chache, reli chini, na vituo vya kulisha vilivyokaribiana.

Reli ya nne: kumbuka vichwa vya Hopkinson vilirudisha umeme kwa kupitia reli za tairi. Reli za tairi zimekaa kwenye ardhi na handaki ni la chuma cha kusubu. Umeme haufuati njia moja tu, sehemu yake inatoroka kwenye pete za handaki na kwenye mabomba ya maji ya jirani, na DC inayotoka kwenye chuma kwenda kwenye udongo wenye unyevu inakila chuma hicho taratibu. Wakaona bora umeme urudi kwa reli yake yenyewe iliyokingwa. Ya pembeni ina chanya 420, ya katikati hasi 210, jumla 630. Za tairi hazibebi umeme wa kuvuta.

#26 Mkazi wa Kiwalani

Na lile handaki la kamba lilifanywaje? Bado treni zinabanana humo?

#27 Reli Mbili

Lilipanuliwa 1922 hadi 1924. Mwanzoni walikuwa wanatanua usiku na treni zinapita mchana, mpaka Novemba 1923 treni ilipogonga ubao wa kuzuilia udongo, kifusi kikamwagika nyuma yake. Abiria walitoka salama, lakini njia ikafungwa, na kipande hicho hakikufunguliwa mpaka Desemba 1924. Pete za chuma zilifunguliwa, zikaongezewa vipande, zikafungwa tena kwa kipenyo cha karibu mita 3.56. Ndicho kipimo mpaka leo, ndiyo maana treni za huko zina paa la duara na milango inayopinda kwa juu, na mtu mrefu akisimama karibu na mlango inambidi ainamishe shingo.

Binti Vikokotoni atuthibitishie.

#28 Binti Vikokotoni

Mume wangu ana futi sita na inchi tatu. Hasimami mlangoni.